Mpiga Kinanda Aliyempeleka Samsoni Jukwaani

Baada ya historia ya kwaya yetu, tumeona vema kijitabu hiki cha Jubilei kiwe pia na maisha ya mwanamuziki mmoja wa zamani. Tumemchagua Camille Saint-Saëns, Mfaransa aliyepiga kinanda kanisani kwa zaidi ya miaka 20. Kazi yake kubwa, Samsoni na Delila, ilifungiwa milango mara nyingi, na sababu moja kubwa ni kwamba ilitoka katika Biblia.

Alizaliwa Paris tarehe 9 Oktoba 1835. Baba yake alifariki kabla mtoto hajatimiza miezi 3, akalelewa na mama yake pamoja na bibi mmoja wa ukoo wa mama. Bibi huyo ndiye aliyemkalisha kwenye piano kabla hajafika miaka 3. Akiwa na miaka 10 alipiga mbele ya watu katika ukumbi wa Pleyel, kisha akawaambia wachague sonata yoyote kati ya 32 za Beethoven naye angeipiga bila kutazama noti.

Mwaka 1858, akiwa kijana wa miaka 22, alipewa kinanda cha kanisa la Madeleine, kanisa la wakubwa wa mji. Husimuliwa kwamba padri mmoja wa hapo alimwomba apige muziki mwepesi, kwa kuwa waumini wake walikuwa matajiri waliozoea nyimbo za majumba ya burudani. Saint-Saëns alimjibu kwamba siku atakaposikia mimbarini mahubiri ya namna hiyo, naye atapiga muziki wa namna hiyo. Walimu wetu wa kwaya wataielewa hadithi hii bila maelezo.

Samsoni alianza karibu mwaka 1868. Nia yake ya kwanza ilikuwa oratorio, yaani hadithi ya Biblia inayoimbwa na watu waliosimama tu, bila mavazi wala maigizo, kama walivyofanya Handel na Mendelssohn. Kijana aliyeoa katika ukoo wake, Ferdinand Lemaire, ndiye aliyemshauri waifanye opera, akaandika maneno. Marafiki waliosikia sehemu yake nyumbani hawakuipokea vizuri. Kumwona mtu wa Biblia jukwaani, tena akibembelezwa na mwanamke, kuliwatia watu wengi wasiwasi. Vita vya 1870 vikaja, kazi ikawekwa kando. Tendo la kwanza lilipoimbwa Paris mwaka 1875, makofi yalikuwa machache.

Aliyeiokoa ni Franz Liszt, mpiga piano maarufu wa Hungaria. Alikuwa na sauti kubwa katika mji wa Weimar, Ujerumani, na huko opera hii iliimbwa mara ya kwanza tarehe 2 Desemba 1877. Iliimbwa kwa Kijerumani, ikapendwa sana. Wafaransa walingoja hadi 1890 kuiona, katika mji wa Rouen, na jumba kuu la opera la Paris likaifungulia milango mwaka 1892. Uingereza ilikuwa na katazo la serikali juu ya hadithi za Biblia jukwaani. Mwaka 1893 iliimbwa London watu wakiwa wamesimama, na kuigizwa kukaruhusiwa mwaka 1909. Yaani Samsoni aliweza kuimba, mradi asitembee.

Wasiwasi huo tusiucheke. Hata kwetu wapo wazee wanaouliza kama igizo la Pasaka lifanyike mbele ya madhabahu. Na wimbo wa opera hii unaojulikana zaidi duniani ni ule wa Delila akimlegeza Samsoni. Sisi tunaona ni sawa uwe mtamu. Kama usingekuwa mtamu, nani angeamini kwamba mwamuzi wa Israeli alitoa siri yake? Jambo moja tu linatutatiza: katika Waamuzi 16 wakuu wa Wafilisti wanamwahidi Delila fedha, kila mmoja elfu na mia moja, lakini katika opera anakataa mali na kutaka kisasi tu.

Mwanakwaya asikilize zaidi nyimbo za Waebrania. Opera inaanza pazia likiwa bado limefungwa, na kwaya inasikika nyuma yake ikimlilia Mungu. Kisha sauti moja inatangulia na nyingine zinaifuata kwa zamu, kwa ufundi wa Bach na Handel. Baada ya ushindi, wazee wa Kiebrania huimba shukrani kwa sauti moja, besi watupu, kama nyimbo za kale za watawa. Na katika tendo la mwisho, Samsoni kipofu anasaga gerezani huku watu wake, wasioonekana, wakimlaumu kwa wimbo. Pale kwaya ndiyo dhamiri yake.

Mwaka huohuo wa 1877 rafiki mmoja alimwachia urithi, akaacha kazi ya Madeleine. Mwezi Mei 1878 misa yake ya wafu iliimbwa Paris. Siku chache baadaye mwanawe mkubwa, wa miaka 2 na miezi kadhaa, alianguka dirishani akafa. Wiki 6 baadaye mdogo wake naye akafa kwa nimonia. Ndoa haikupona, na mwaka 1881 alimwacha mkewe moja kwa moja. Hatutaficha pia kwamba imani ilimtoka, ingawa aliendelea kuandika nyimbo za kanisa. Tunaziimba nyimbo zake hivyohivyo, na kwa shukrani.

Alifariki Algiers tarehe 16 Desemba 1921, akiwa na miaka 86. Mwili ulirudishwa Paris, ibada ikafanyika Madeleine, akazikwa makaburi ya Montparnasse.