Daktari wa Chogoria na Alama ya Kidole

Kila ninapowafundisha wanafunzi wangu kitenzi "kupona", humkumbuka Dkt. Archibald Clive Irvine. Aliyepona, kwa Kiswahili, ni yule aliyetoka ugonjwani. Ni yule aliyenusurika hatari pia. Irvine aliishi kati ya maana hizo mbili, wala sidhani aliwahi kuzitenganisha.

Daktari huyu mmishenari alihamia Chogoria, mashariki mwa Mlima Kenya, mwaka wa 1922, akaanzisha kituo cha Misheni ya Kanisa la Skotlandi kwa msaada wa fedha za baba mkwe wake, Ernest Carr. Dawa na sala zilikwenda pamoja. Hospitali aliyoianzisha ingali inatibu watu, chini ya Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki.

Mwaka wa 1929 yakazuka mambo ya kirore. Misheni kadhaa ziliwataka Wakristo waape kuupinga ukeketaji wa wasichana, nao waliokubali wakatia alama ya kidole gumba. Alama hiyo ndiyo kirore, na jina lake likawa jina la mzozo wenyewe. Irvine alishikilia kiapo hicho bila kulegea. Kanisa la Chogoria likapoteza sehemu kubwa mno ya waumini wake.

Nisieleweke vibaya. Wembe ule uliwaumiza wasichana, wengine wakafa, na tabibu aliyajua hayo kuliko wahubiri. Alikuwa na haki ya kupiga kelele. Ila mkono uliofunga vidonda ndio uliofunga mlango wa ushirika, na aliyekataa kutia kidole akaona amekataliwa na Mungu. Tena amri haikuung'oa mzizi: Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, lilipopiga marufuku mwaka wa 1956, wasichana wengi walikeketana wenyewe kwa ukaidi.

Walimu wanaosomea ushauri nasaha huniuliza kama imani iingizwe katika tiba. Mimi, ambaye si tabibu, huwarudisha Chogoria. Mgonjwa aulizwe imani ilimfariji wapi, kisha aulizwe ilimjeruhi wapi. Swali la kwanza Irvine alilishughulikia wodini miaka mingi. La pili lilistahili kupelekewa wale waliotoka kanisani mwaka wa 1929, wakiwa wameketi nyumbani kwao, bila karatasi ya kutia kidole mezani.