Christian Doppler: alikosea juu ya nyota, lakini kanuni yake leo inapima mwendo wa maji na damu

Tarehe 25 mwezi wa tano mwaka 1842, mjini Prague, mwalimu wa hesabu mwenye miaka 38 alisimama mbele ya wanasayansi wachache na kueleza kwa nini nyota zina rangi mbalimbali. Jina lake ni Christian Doppler.

Alizaliwa mwaka 1803 huko Salzburg, Austria, katika familia ya wachonga mawe. Mwili wake ulikuwa dhaifu, hakuweza kazi ya wazazi, basi akapelekwa masomoni. Hata hivyo, kazi ilimkosa. Mwaka 1835 aliuza vitu vyake ili ahamie Marekani, ndipo akaitwa kufundisha Prague.

Wazo lake ni rahisi. Pikipiki ikija huku inapiga honi, sauti inasikika nyembamba. Ikishapita, inakuwa nzito. Kinachokuja kinabananisha mawimbi yake, kinachoenda kinayaachanisha. Doppler alisema mwanga nao unafuata kanuni hiyo.

Mwaka 1845, huko Uholanzi, mwanasayansi Buys Ballot alipandisha wapiga tarumbeta kwenye treni, na wanamuziki wengine wakasikiliza kando ya reli. Kwa upande wa sauti, Doppler alikuwa na haki. Kwa upande wa nyota alikosea: rangi zake hutokana hasa na joto lake, na mwendo wake ni mdogo mno kuweza kuzibadilisha machoni petu.

Mwaka 1850 alipewa kuongoza Taasisi mpya ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Vienna, lakini mwaka 1852 profesa Josef Petzval aliishambulia kanuni yake mbele ya Akademia ya Sayansi. Doppler alikuwa tayari anaumwa mapafu. Alienda Venice kutafuta hewa ya joto, akafia huko tarehe 17 mwezi wa tatu 1853, akiwa na miaka 49. Aliacha mjane na watoto watano.

Kilichokosekana wakati wake ni taa yenye mwanga wa rangi moja kamili, na chombo cha kutambua badiliko dogo sana. Leza ilipatikana mwaka 1960. Miaka minne baadaye, Yeh na Cummins wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliipiga leza ndani ya maji yanayotiririka. Mwanga uligonga chembe ndogo zinazobebwa na maji, ukarudi ukiwa umebadilika kidogo. Kwa badiliko hilo walijua kasi ya maji bila kuingiza kitu chochote ndani yake. Hapo ndipo penye faida: kifaa kinachotumbukizwa kwenye mkondo huuvuruga mkondo wenyewe kinaotaka kuupima.

Mwaka 1972 watafiti walitumia njia hiyo kupima damu katika mishipa ya jicho la sungura. Leo vihisio vya mwanga vinapima hewa inayopita kwenye mabawa ya ndege, mafuta ndani ya injini, na damu chini ya ngozi ya mtu aliyeungua, ili madaktari wajue kama jeraha litapona lenyewe au linahitaji upasuaji.

Wote hao wanatumia hesabu iliyosomwa Prague mwaka 1842, ambayo mwenyewe alifariki ikiwa bado inabishaniwa.