Einstein: Mwanasayansi aliyepinga fumbo alilolifichua mwenyewe

ALBERT Einstein alikuwa na umri wa miaka 56 mnamo Mei 1935, na wanafizikia wengi chipukizi walikuwa wamekwisha kumhesabu kuwa mtu wa jana. Hata hivyo, mwaka huo alichapisha makala mawili ambayo wataalamu wanayachambua hadi leo.

Mzaliwa wa Ulm, Ujerumani, Einstein alivuma kuanzia 1905 alipokuwa mfanyakazi wa afisi ya kusajili uvumbuzi mjini Bern, Uswisi. Kazi yake kuhusu mwanga, iliyomletea Tuzo ya Nobel ya 1921, ilisaidia kuzaa fizikia ya kwanta, elimu ya mienendo ya chembe ndogo kabisa. Mnamo 1915 alikamilisha nadharia inayoeleza uvutano kuwa mpindo wa anga na wakati.

Wanazi walipotwaa mamlaka mwaka wa 1933, alihamia taasisi ya utafiti mjini Princeton, Marekani. Huko alizidi kutengana na wenzake, kwani hakukubali kwamba matukio ya chembe hutawaliwa na bahati nasibu.

Mnamo Mei 1935, pamoja na Boris Podolsky na Nathan Rosen, alionyesha kwamba kwa mujibu wa kwanta, chembe mbili zilizowahi kukutana zaweza kubaki zimefungamana. Ukiipima moja, hali ya nyingine hujulikana papo hapo, hata ikiwa mbali vipi. Kwake, huo ulikuwa ushahidi kuwa nadharia hiyo ilikuwa na pengo.

Mwezi Julai, yeye na Rosen walichapisha makala mengine, haya yakihusu uvutano. Walieleza daraja linaloweza kuunganisha sehemu mbili za anga. Makala hayo mawili hakuyahusisha hadi alipofariki mnamo Aprili 18, 1955.

Mwaka wa 1964, John Bell wa Ireland Kaskazini alibuni njia ya kuukata mzozo huo kwa vipimo. Majaribio yaliyofuata yalimwendea Einstein kinyume: mfungamano aliouona kuwa kasoro ni jambo la kweli. Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger walituzwa Nobel ya 2022 kwa kazi hiyo.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Nadharia ya nyuzi huchukulia chembe zote kuwa mitetemo ya nyuzi ndogo mno. Akiitumia, Juan Maldacena wa Argentina alipendekeza mnamo 1997 kwamba uvutano ndani ya anga la aina fulani ni sawa na kwanta isiyo na uvutano kwenye mpaka wake. Mnamo 2013, yeye na Leonard Susskind walipendekeza kuwa mashimo meusi mawili yaliyofungamana huunganishwa na daraja lile lile la Einstein na Rosen.

Dhana hiyo haijathibitishwa kwa majaribio. Ikithibitishwa, itabainika kwamba mzee aliyedhaniwa kupitwa na wakati aliandika nusu zote mbili za jibu katika muda wa miezi michache, bila yeye mwenyewe kujua.