Benedikto XV, Papa Aliyefungiwa Mlango wa Amani

Giacomo della Chiesa, mzaliwa wa Genova, alichaguliwa kuwa Papa Septemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imekwisha kuwaka. Agosti 1917 aliyasihi mataifa yasuluhishane, akashukiwa na pande zote mbili. Tena, kwa mkataba wa siri wa London wa mwaka 1915, Italia na washirika wake walikubaliana kumtenga na mazungumzo ya amani. Hivyo Versailles, mwaka 1919, hakualikwa. Mei 1920, katika waraka wa Pacem Dei Munus, alitoa onyo zito kuliko yote: mikataba isiyoambatana na msamaha haidumu, kwani chuki hubaki mioyoni. Watoto wenye njaa wa nchi zilizoshindwa aliwachangishia chakula. Alifariki tarehe 22 Januari 1922. Oktoba mwaka huohuo Mussolini alitwaa madaraka. Mwaka 1933 Hitler, aliyejipatia wafuasi kwa kuulaani mkataba wa Versailles, akawa Kansela wa Ujerumani.