Clement Gillman: Jina lake liko Kilimanjaro, kazi yake iko kwenye reli ya Kigoma

Kila mwaka maelfu ya watu hupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Usiku wa mwisho, baada ya saa nyingi za kukwea, wanafika ukingo wa kreta na kukuta kibao: Gilman's Point, mita 5,685. Wanapiga picha, wanavuta pumzi, safari ya kwenda Uhuru inaendelea. Wachache sana hujiuliza huyu Gilman alikuwa nani.

Jina lake halisi lina herufi l mbili: Clement Gillman. Ukingo huo aliufikia mwaka 1921. Ila kupanda milima haikuwa kazi yake. Alikuwa mhandisi wa ujenzi, na alama yake kubwa zaidi iko mbali na Kilimanjaro, kwenye reli inayoishia Ziwa Tanganyika.

Kutoka Madrid hadi Dar es Salaam

Gillman alizaliwa Madrid, Hispania, mwaka 1882, akiwa na asili ya Uingereza na Ujerumani. Alisomea uhandisi huko Ulaya. Mwaka 1905, akiwa kijana wa miaka 22 tu, aliletwa Dar es Salaam na kampuni ya Philipp Holzmann ya Ujerumani. Mwaka huohuo kampuni hiyo ilianza kujenga Reli ya Kati.

Kazi ilikwenda kwa hatua. Reli ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma Februari 1914. Ni zaidi ya kilomita 1,200. Gillman alikuwa mmoja wa wahandisi wa mradi huo, kazi yake ikiwa kupima ardhi na kusimamia ujenzi. Waliochimba, waliobeba udongo na kulaza mataruma walikuwa Waafrika kwa maelfu, wengi wao Wanyamwezi. Hao hakuna kibao chochote cha mlimani chenye majina yao.

Kwa nini Kigoma, siyo Ujiji?

Hapa ndipo penye somo kwa kila anayesomea ujenzi. Wakati huo mji wenye jina ulikuwa Ujiji. Palikuwa na soko, na ndipo misafara kutoka Bagamoyo ilipoishia. Ndipo pia Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Kigoma, kilomita chache tu kaskazini, haikuwa na umaarufu huo.

Lakini reli haifuati umaarufu. Bandari inahitaji vitu vitatu: kina kirefu karibu na nchi kavu, kinga dhidi ya mawimbi, na ardhi imara ya kubeba gati na mizigo. Ghuba ya Kigoma imezungukwa na vilima na ina kina. Ufuko wa Ujiji uko wazi na unashuka taratibu, kwa hiyo meli kubwa ingelazimika kukaa mbali na nchi kavu. Reli ikaenda Kigoma, na biashara ikaifuata. Ujiji ikabaki na historia yake.

Mwaka huohuo wa 1914 treni zilianza kuleta Kigoma vipande vya meli iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, vikiwa kwenye masanduku takriban 5,000. Ndiyo meli tunayoijua leo kama MV Liemba.

Ziwa linalopanda na kushuka

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walichukua nchi na Gillman akaendelea na kazi ya reli. Baadaye akawa Mhandisi Mkuu wa Reli za Tanganyika. Mwaka 1929 ilitoka ripoti yake ya upimaji wa njia ya reli kwenda kusini magharibi mwa nchi. Reli ya upande huo, TAZARA, ilikuja kujengwa kati ya 1970 na 1975, yeye akiwa ameshafariki.

Mwaka 1933 alichapisha utafiti kuhusu maji ya Ziwa Tanganyika. Mhandisi wa reli na maji ya ziwa wapi na wapi? Jibu ni rahisi: gati hujengwa mara moja, lakini maji hayatulii mahali pamoja.

Ziwa hili lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengi huondoka kwa njia ya mvuke, yakinyonywa na jua. Mvua zikizidi kwa miaka kadhaa, ziwa linapanda. Zikipungua, linashuka. Stanley alipofika Lukuga mwaka 1876 alikuta mto umezibwa na matope na majani. Miaka michache baadaye maji yalivunja kizuizi hicho, na ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Ndiyo maana leo ukienda kwenye mnara wa Livingstone pale Ujiji, ufuko uko mbali na mahali penyewe.

Adui mkubwa ni maji

Kwenye reli nako kanuni ni hiyohiyo. Tuta likiwa kavu hubeba treni nzito bila shida. Likilowa, udongo unapoteza nguvu. Kalavati likiwa dogo, maji hupanda juu ya tuta na kulikata. Nguzo ya daraja haivunjwi kwa uzito wa treni peke yake. Mara nyingi mto huchimba chini ya msingi kimyakimya hadi nguzo inaning'inia. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 kati ya Kilosa na Gulwe yalikata reli, na abiria wa Kigoma wakakosa treni.

Mwaka 1936 Gillman alitoa ramani ya wakazi wa Tanganyika, iliyoonyesha watu wamejazana sehemu chache huku maeneo makubwa yakiwa matupu. Sababu kubwa ilikuwa maji. Baada ya kustaafu reli alikuwa mshauri wa serikali wa masuala ya maji. Alifariki mwaka 1946. Ramani yake ya uoto wa nchi ilichapishwa 1949, na shajara zake zimehifadhiwa Oxford, Uingereza.

Somo kwa wanaojenga leo

Kuanzia 2020 Ziwa Tanganyika limepanda tena. Huko Bujumbura na Uvira maji yaliingia majumbani mwa watu. Waliojenga ufukweni wakati maji yako chini walidhani ufuko ni mali yao, kumbe ziwa lilikuwa limeondoka kwa muda tu.

Kwa hiyo kama una kiwanja karibu na ziwa, usipime kwa maji unayoyaona leo. Waulize wazee maji yaliwahi kufika wapi, tafuta kumbukumbu za vipimo, halafu weka msingi juu ya alama hiyo.