Arnold Dolmetsch, fundi aliyeamsha viole za Uingereza

Wiki hii tunaandika juu ya fundi Arnold Dolmetsch. Alizaliwa 1858 kule Le Mans, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa piano, babu yake upande wa mama fundi wa ogani, basi randa na patasi alizishika tangu utoto. Alisoma violoni Bruxelles, kisha akaenda London, akawa mwalimu.

Kule London, ndani ya British Museum, akakuta makaratasi ya muziki ya zamani, ya miaka ya 1500 na 1600, iliyoandikwa kwa viole. Nani angeipiga? Viole si violoni. Iko na nyuzi 6 sawa gitare, mgongo bapa, mbao nyembamba sana. Pale gitare inawekewa vyuma vidogo shingoni, viole inafungwa utumbo wa kondoo. Unaishika kwa miguu, hata ile ndogo, na upinde unaushika mkono ukiangalia juu.

Waingereza walikuwa mabingwa wa ile kazi. John Rose wa Bridewell, Henry Jaye wa Southwark: majina makubwa. Mbao za uso walikuwa wanazikunja kwa moto, kipande kwa kipande, kisha wanaziunga kwa gundi. Viole moja kubwa ya fundi Bolles ilihesabiwa pauni 100, feza nyingi sana wakati ule. Lakini watu wakageukia violoni. Viole nyingi zikakatwa shingo, zikapunguzwa nyuzi zikawa 4, zikafanywa selo. Mafundi wakafa bila vijana wa kurithi mkono wao. Sisi wa mine tunajua hasara ile: mzee anaenda pansio, hakuna mutu pembeni yake aliyefundishwa.

Dolmetsch hakuwa na mzee wa kumuuliza. Akanunua viole za zamani zilizovunjika, akazifungua, akazitengeneza, na vile akajifunza. Feza ilimsumbua. Kuanzia 1905 alifanya kazi Boston, kwa kampuni ya piano ya Chickering, akiongoza atelie yake mwenyewe. Biashara iliposhuka, atelie ikafungwa. Akapita Paris, kwa Gaveau, mpaka vita ya 1914.

Mwaka 1917 akahamia Haslemere, Uingereza. Pale bibi yake na watoto walipiga naye, na 1925 wakaanzisha festivali. Alikufa 1940. Mtoto wake Carl akabaki na atelie.