Lavoisier: Mwanakemia Aliyeupima Moto

Mnunuzi wa makaa katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, hurudi nyumbani na gunia zito, na baada ya siku kadhaa husalia na majivu kidogo tu jikoni. Ni rahisi kudhani kwamba makaa yametoweka. Mfaransa Antoine Laurent Lavoisier ndiye aliyeonyesha kwa mizani kwamba hakuna kinachotoweka.

Lavoisier alizaliwa Paris tarehe 26 Agosti 1743. Alisomea sheria, lakini alivutwa na sayansi, na mwaka 1768 akaingia katika Akademia ya Sayansi ya Ufaransa. Mwaka uo huo alijiunga na kampuni iliyomkusanyia mfalme kodi, hatua iliyomtajirisha na hatimaye kumwangamiza. Mwaka 1771 alimwoa Marie-Anne Paulze, aliyemtafsiria maandishi ya Kiingereza na kumchorea vifaa vya maabara.

Wataalamu wa enzi hiyo waliamini kwamba kitu kiunguapo hutokwa na kiini cha moto, flojistoni. Mwaka 1772 Lavoisier alibaini kwamba salfa na fosforasi huongezeka uzito zinapoungua. Kuungua, basi, ni kuungana na sehemu ya hewa. Sehemu hiyo, ambayo Mwingereza Joseph Priestley aliitenga mwaka 1774, Lavoisier aliiita oksijeni. Kwa vipimo vya leo, gramu 12 za kaboni iliyomo katika makaa huungana na gramu 32 za oksijeni na kutoa gramu 44 za kaboni dioksidi, ambayo hupaa bila kuonekana. Hewa ikiwa haba, kama katika chumba kilichofungwa usiku wa baridi, hutokea kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

Mwaka 1787 Lavoisier na wenzake watatu walichapisha mfumo mpya wa istilahi za kemia, ambamo jina la kitu lilidokeza viambajengo vyake. Hata hivyo, oksijeni, kwa asili yake ya Kigiriki, ni kizalisha asidi, kwani aliamini kimakosa kwamba kila asidi ina gesi hiyo. Kiswahili kimelirithi jina hilo pamoja na kosa lake.

Mapinduzi ya Ufaransa hayakuwasamehe watoza kodi. Tarehe 8 Mei 1794 Lavoisier alikatwa kichwa, akiwa na umri wa miaka 50. Baba mkwe wake aliuawa siku iyo hiyo.

Kwetu sisi wanaistilahi, maisha yake yanafunza kwamba kitu hupimwa kwanza, kisha kikapewa jina. Kwani jina likishaenea, hudumu hata dhana iliyolizaa inapokufa.